Mbavu za kuchoma Dar: umwamini nani, na uagize vipi

Sinza kuna baa moja, ukiingia kwa ndani kutoka Barabara ya Shekilango, ambayo watu hawaifuati bia. Wanafuata mbavu. Jina lake silitaji, maana nitakayoyasema yanazihusu baa nyingi za mji huu. Shemeji yangu akiisifia utadhani ana hisa pale: nyama inaachia mfupa yenyewe, chumvi imekolea, kachumbari haina ubahili. Jirani yangu fundi cherehani alikwenda kwa sifa hizohizo akarudi amenuna. Anasema alikuwa kama anatafuna kandambili, na bili ikaja ya watu watatu. Wote wawili nawafahamu vizuri, na hakuna muongo kati yao.

Mimi ni muuza nyama. Bucha yangu iko Tabata, nauza ng'ombe na mbuzi, na wateja wangu wakubwa ni wachomaji wa baa na wenye majiko ya mishikaki. Alfajiri mchomaji akija kuchukua mzigo wake namsikia akilalamikia walaji. Jioni walaji wakipita kununua nusu kilo ya nyumbani nawasikia wakimlalamikia mchomaji. Nikizipima pande zote mbili, naona wengi hawatofautiani kwa ladha kabisa. Wamekula vitu tofauti chini ya bango moja. Kazi yako kabla hujatoa hela ni kujua kila msemaji alikula nini hasa, kisha ukienda uagize kile alichokula aliyefurahi.

Uliza jikoni yuko nani

Hapa Dar baa na jiko mara nyingi ni biashara mbili. Mwenye baa anauza vinywaji, jiko amempangisha mtu mwingine. Ndiyo maana unaletewa bili mbili, au mhudumu anakwambia mapema, "Ya jikoni inalipwa kivyake, kaka." Mwenye jiko naye ameajiri mchomaji, na wachomaji wazuri hawakai sehemu moja. Akikorofishana na tajiri wake kuhusu posho, wiki ijayo yuko Kimara, na wavu umeshikwa na kijana ambaye mpaka juzi alikuwa akimenya ndizi. Bango ni lilelile, viti ni vilevile, hata yule dada wa kaunta ni yuleyule. Mbavu ni za mtu mwingine.

Kwa hiyo anayekwambia "pale pazuri sana, zamani tulikuwa hatukosi" anakusimulia jiko ambalo huenda limeshahama. Mwulize amekula lini mara ya mwisho, na kama anamjua mchomaji. Akikujibu kwamba wanaitana majina, msikilize, lakini punguza kidogo. Huyo ni mteja wa kudumu, na mteja wa kudumu hapewi nyama wanayopewa wapita njia. Shemeji yangu akitokea tu getini mchomaji anainua koleo kumsalimu. Unafikiri ubavu atakaopata ni upi?

Uliza siku na saa

Jumanne saa 12 jioni na Jumamosi saa 3 usiku ni mikahawa miwili tofauti. Siku Simba na Yanga wanacheza, au mishahara ikiwa imetoka, mchomaji hawezi kuziweka mbavu mbichi kwenye wavu pale unapoagiza. Anaanza mchana. Anazibabua nusu, anazipanga kwenye beseni, na oda ikija anazirudisha motoni zipate rangi. Nyama iliyoiva nusu, ikapoa, ikapigwa moto mkali wa haraka, haiwezi kuwa laini, na ikikaa masaa kwenye beseni joto hili la Dar, afya yako nayo umeiweka rehani. Fundi wangu wa cherehani nilipombana, kumbe alikwenda usiku wa mechi, tena kipindi cha pili. Hapo huna haja ya kuendelea na mahojiano.

Mapema mno nako kuna kasoro yake. Mkaa ukiwa ndiyo kwanza umewashwa una ndimi na moshi, na mafuta yakidondokea yanawaka. Nyama inapata masizi, inakuwa nyeusi na chungu kabla haijaiva. Mkaa mzuri wa mbavu umeshavaa jivu la kijivu juu na ndani mwekundu. Saa nzuri za kwenda ni zile ambazo jiko limeshatulia na watu hawajajaa, na kwa baa nyingi hizo ni kati ya saa 11 na saa 1 jioni, siku za katikati ya wiki.

Uliza mnyama gani, na mbavu zipi

Hapa ndipo ninapopajua zaidi, kwa hiyo nivumilie.

Neno "mbavu" kwenye orodha ya vyakula halikwambii kitu. Mbavu za mbuzi ni nyembamba, kwenye moto wa wastani dakika 40 zinatosha. Mbavu za ng'ombe zikipewa dakika hizohizo zitakutoa jasho. Mtu aliyekula mbuzi akisifia, na mwenzake aliyekula ng'ombe akaponda, hawajabishana bado.

Tuseme ni ng'ombe. Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu, na hazifanani. Za mbele zimejificha chini ya bega: nyama nene, mafuta ya kutosha, nyuzi nyingi nyeupe, kwa hiyo tamu lakini zinadai muda. Za katikati zimelingana, nyama na mafuta yamepangana vizuri, na hizi ndizo mchomaji mwenye akili anazigombania saa 11 alfajiri. Za mwisho, karibu na tumbo, ni nyembamba na zina utando mwingi. Kwenye mzani kilo ni kilo. Ndiyo maana meza mbili zinaweza kuagiza kilo moja moja kwa dakika moja, wa huku wakafurahi na wa kule wakamwita meneja.

Halafu kuna umri na safari. Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar ni zebu, wenye nundu, waliokuzwa kwa kutembea malishoni. Wanatoka Shinyanga, Singida, Dodoma na kwingineko, wanashushwa mnadani Pugu, wanachinjwa Vingunguti na machinjio mengine. Mnyama aliyetembea miaka kadhaa ana misuli iliyofanya kazi. Utamu wake ni mkubwa, mimi siubadilishi na nyama ya kopo yoyote, lakini ulaini lazima uutafute kwa moto mdogo na subira. Anayelinganisha na nyama aliyokula ughaibuni, ya ng'ombe aliyenenepeshwa zizini kwa nafaka na kuchinjwa kabla hajafika miaka miwili, analinganisha wanyama wawili walioishi maisha tofauti.

Safari nayo ina deni lake. Ng'ombe aliyefika amechoka, hakupumzishwa wala kunywa maji ya kutosha, akachinjwa hivyohivyo, nyama yake inakuwa nyeusi na inanata kwenye kidole. Nyama hiyo ina tabia moja inayowagombanisha watu bure: hata ikiiva inaweza kubaki nyekundu ndani. Mteja anapiga kelele kwamba kaletewa mbichi, mchomaji anaapa kwamba imekaa motoni zaidi ya saa, na kila mmoja ana haki yake. Mimi nyama ya namna hiyo siinunui kwa sababu nyingine pia, inaharibika haraka.

Na sasa jambo ambalo wateja hawalipendi nikiwaambia. Nyama "ya leo leo" si laini. Mnyama akishachinjwa misuli inakaza, na kwa ng'ombe ukakamavu huo unachukua siku ya kwanza yote, ndipo inaanza kulegea taratibu ikiwa kwenye baridi. Aliyechinjwa usiku akachomwa mchana wake, umemla akiwa katika saa zake ngumu kuliko zote. Ubavu uliolala kwenye friji siku mbili au tatu, friji inayofanya kazi na umeme usiokatika, utakushinda kwa ulaini. Akina mama wengi wakiona nyama inatoka kwenye friji wanadhani nawauzia kilichobaki. Wachomaji wazoefu hawasemi kitu, wanachukua hiyohiyo ya friji. Pale Sinza, enzi za yule mchomaji anayesifiwa na shemeji, mzigo wa Ijumaa ulikuwa unachukuliwa Jumatano.

Uliza kama zilichemshwa

Baa nyingi zinachemsha mbavu kwanza. Asubuhi sufuria inabandikwa, mbavu zinachemka na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, supu inauzwa na chapati kwa wanaowahi kazini, na mbavu zenyewe zinasubiri jioni zipitishwe motoni. Kibiashara ni hesabu nzuri, nyama imeuzwa mara mbili.

Kwa mlaji inategemea meno na mapenzi. Kuchemsha kunalainisha, maana zile nyuzi nyeupe zinazoshika nyama kwenye mfupa zinahitaji joto la kutosha, zaidi ya nyuzi 70 za sentigredi, na zinahitaji kukaa humo muda mrefu ndipo ziyeyuke. Maji yanafanya kazi hiyo bila kuunguza. Lakini ladha nayo inaenda na supu, na moto wa jioni unapaka rangi ya juu tu. Wanaotaka nyama inayoachia mfupa watasifia. Wanaotaka harufu ya mkaa iliyoingia mpaka ndani watasema wamekula nyama ya supu iliyobabuliwa, na hawajakosea.

Mimi niko upande wa mkaa. Mama wa nyumbani kwangu, ambaye meno yake hayapendi ugomvi, yuko upande wa sufuria. Hatujawahi kuafikiana, na tukienda pamoja tunaagiza sahani mbili.

Ukitaka kujua bila kuuliza, angalia mwisho wa mfupa na mkato wa nyama. Iliyochemshwa ina rangi moja ya kijivu kutoka nje mpaka mfupani, na nyama imerudi nyuma sana ikaacha mfupa mtupu uliofifia. Iliyochomwa toka mwanzo ina tabaka: ukoko mweusi wa kahawia, kisha nyama yenye maji, na mafuta yaliyogeuka kuwa ya kung'aa. Nyama ya papai nayo utaijua. Papai bichi linalainisha kweli, lakini likikaa kwenye nyama muda mrefu, nyama inakuwa uji kwa juu na haina kitu cha kutafuna. Watu wakisema "laini lakini haieleweki", nafikiria papai.

Kuhusu sosi

Kuna kundi linaponda kwa sababu hawakuletewa sosi, na lingine linaponda kwa sababu ililetwa. La kwanza limezoea mbavu za mtindo wa Kimarekani, nyekundu na tamu, zinazouzwa kwenye mikahawa ya Masaki na Mikocheni. La pili limekulia kwenye chumvi, ndimu na pilipili ya pembeni, na likiona kitu kitamu juu ya nyama linauliza nani kamwaga jemu.

Hao Wamarekani wenyewe hawajaafikiana. Memphis wanajulikana kwa mbavu kavu zilizopakwa viungo tu, Kansas City kwa sosi nzito ya nyanya na molasi, na Texas kwa nyama ya ng'ombe kuliko nguruwe. Wanachofanana ni moto: chombo kimefunikwa, moshi wa kuni, joto la nyuzi 110 hadi 120, masaa matano au sita. Wavu wetu uko wazi na upepo unapita, kwa hiyo ukidai matokeo yale kwa dakika 40 unamwonea mtu. Na hata ule msemo wa nyama kuachia mfupa yenyewe, majaji wa mashindano ya Kansas City Barbeque Society wanauhesabu kuwa dalili ya nyama iliyopita kiasi. Wao wanataka ukiing'ata ipatikane alama safi ya meno, na nyama ya pembeni ibaki imeshika mfupa. Nilipomweleza shemeji alisema wamkome.

Kwa upande wa jikoni kosa ni moja tu: sosi yenye sukari kupakwa mapema. Sukari inaungua, nyama inakuwa chungu nje na bado ngumu ndani. Inapakwa dakika 10 au 15 za mwisho. Ya ukwaju na pilipili mbuzi, isiyo na sukari nyingi, inavumilia zaidi, na kama baa inatengeneza yake mwenyewe naanza kuwaheshimu kabla sijaonja.

Lawama ya "wamenipunja"

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote, na mara nyingi hakuna aliyeiba. Nyama inapimwa mbichi. Chukua kilo ya mbavu za ng'ombe: mfupa peke yake unaweza kubeba theluthi, gramu 300 na kitu. Inayobaki ikikaa motoni inapoteza maji na mafuta, robo ya uzito wake hadi theluthi. Kwa hiyo kilo uliyolipia inakufikia mdomoni ikiwa karibu na nusu kilo. Kwa watu watatu wenye njaa hiyo ni kitafunwa. Agiza ndizi za kuchoma au ugali mapema na usimlaumu mtu.

Kupunjwa kwenyewe kupo, lakini kunatokea kabla ya moto: mzani usioangaliwa, au vipande vyako kuhamia oda ya jirani vikiwa juu ya wavu. Dawa yake naisema hapa chini.

Lawama nyingine nazipitia haraka. "Vipande vya mfupa mdomoni" ni kosa letu sisi wa bucha tunaokata kwa shoka, unaweza kuomba zikatwe kwa msumeno kama upo. "Chumvi nyingi" ina maana mchomaji amenyunyiza maji ya chumvi kuzima ndimi za moto mara nyingi mno, yaani mkaa wake una fujo. "Wamechelewesha" ni sifa, mradi walikwambia mapema. Na "huduma mbovu" haina uhusiano na mbavu, ila watu wakishaudhika na mhudumu hata nyama tamu inawakaba.

Namna ya kuagiza

Piga simu jikoni, usipige kaunta. Namba ya jikoni mwombe mhudumu siku ya kwanza kwa upole, "Dada, naomba namba ya kaka wa jikoni, nitakuwa naagiza mapema," na wengi watakupa kwa furaha. Kwa mbavu za ng'ombe za kuchoma toka mbichi toa nafasi ya saa mbili. Ukitaka kula saa 12, simu yako iwe saa 10. Mbuzi saa moja inatosha.

Ukienda bila simu, usikae. Weka mkoba kwenye kiti na nenda jikoni mwenyewe. Salimia kwanza, mtu yuko kwenye joto tangu mchana. Kijana mwenzako mwambie "Kaka, pole na kazi," mzee mpe shikamoo yake hata kama ameshika koleo. Baada ya hapo lugha inakuwa rahisi. Uliza mbavu zimeingia lini. Akikwambia za leo, uliza kama kuna za jana. Kama hajawahi kuulizwa hivyo atakutazama, na kuanzia hapo atakuhudumia kwa makini.

Omba uone nyama. Unataka nyekundu ya kawaida, mafuta meupe au ya njano kidogo, juu pamekauka kidogo, hakuna harufu. Chagua ubavu mmoja mzima kutoka katikati, usio na utando mwingi. Upimwe ukiwa umesimama pale, mzani ukianzia sifuri. Kisha mwambie hivi: asiukatekate, auchome mzima na aukate mwisho. Vipande vidogo vinakauka kila upande, ubavu mzima unatunza maji yake. Na mwombe autie alama, mkato mdogo pembeni au kijiti cha meno, muwe nyote wawili mnaujua ni upi. Hakuna mchomaji mwaminifu atakayekasirika, kwanza inampunguzia ugomvi.

Moto uangalie kwa mkono. Weka kiganja juu ya wavu, usawa ambao nyama inakaa. Ukiweza kuhimili sekunde tano au sita, ni moto wa mbavu. Ukitoa mkono baada ya mbili, huo ni moto wa mishikaki, mwombe akusogezee pembeni ambako mkaa ni mwembamba. Upande wa mfupa uanze chini, ukae huko muda mrefu kuliko upande wa nyama, kwa sababu mfupa unakinga. Chumvi ya kutosha tangu mwanzo. Ndimu mwisho.

Kisha kaa, kunywa kitu, na usimtume mhudumu jikoni kila dakika 10. Hili nalisema kwa uchungu wa wachomaji wote ninaowauzia. Mteja akihimiza sana, nyama inasogezwa katikati ya moto, inaiva kwa nje na kufika ikiwa katika hali mbaya kuliko zote: imeshakamuka maji yake, lakini zile nyuzi nyeupe hazijayeyuka. Ingetolewa mapema ingekuwa na maji, ingeachwa zaidi ingekuwa laini. Nusu ya sahani ngumu za mji huu zimepikwa na haraka za mwenye sahani.

Ikishatoka, iache kwenye ubao dakika kumi kabla ya kisu. Maji ya kunawa yaje wakati huo, na kachumbari iwe imekatwa muda huohuo. Kachumbari iliyokaa na chumvi tangu mchana imeshatoa maji yote na vitunguu vimelegea, irudishe bila aibu.

Neno fupi kuhusu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, maana watu wakisema mbavu Sinza au Mwenge wengi wanamaanisha hiyo. Mimi siuzi, bucha zake ni nyingine, lakini ushauri wa afya hauna dini. Mnyama awe amekaguliwa, muhuri wa mkaguzi uwepo, kwa sababu ya minyoo ya tegu ambayo kwa nguruwe wa nchi hii ni tatizo la kweli. Kwa hiyo hapo usitafute nyama yenye wekundu ndani, iive kabisa. Na kama kwenye kampani yenu kuna Mwislamu, uliza wazi kama wavu na kisu ni vilevile kabla hamjaagiza hata mbuzi. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, hamieni sehemu nyingine.

Ikija mbaya pamoja na yote hayo, usianze na mhudumu wala usipandishe sauti. Uma ubavu mmoja, na ukiona ngumu beba sahani mwenyewe mpaka jikoni, mwambie mchomaji kwa utaratibu kwamba hii bado, naomba irudi pembeni ya moto ifunikwe na sufuria au karatasi ya foili kwa nusu saa. Mbavu ngumu ambayo haijaungua bado inaokoka, mvuke wake wenyewe unamalizia kazi. Ila ufanye hivyo mapema. Mtu anayekuja kulalamika na sahani ya mifupa mitupu, hata mimi nikiwa jikoni namwomba tu alipe.